Salome-Meca kwa ufa wa joto: tumeipima kwa dramu ya breki

Matatu ikishuka mteremko wa Mai Mahiu, dramu za breki hupata moto kwelikweli. Zikimwagiwa maji kabla hazijapoa, uso ulioguswa na maji husinyaa ilhali chuma cha nyuma yake bado kimetanuka. Uso unavutwa, ufa unafunguka. Salome-Meca, programu ya bure ya EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa, inakokotoa tukio hilo lote hadi K, yaani kipimo cha ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa. Kwa karakana ya Industrial Area au mwanafunzi wa uhandisi asiye na hela ya leseni, hatujui pa kuanzia palipo bora zaidi.

Ndani yake kuna sehemu mbili: Salome huchora umbo na wavu wa elementi, yaani vipande vidogo vinavyogawa umbo hilo, na Code_Aster hupiga hesabu. Amri ya THER_LINEAIRE inatoa joto kwa kila hatua ya muda, joto hilo linaingizwa kupitia AFFE_MATERIAU, MECA_STATIQUE inatoa mkazo, kisha CALC_G inasoma K. Majina ni ya Kifaransa, utayazoea.

Kasoro nyingi huanzia kwenye joto, si kwenye ufa. Chuma cha kijivu cha kusubu husambaza joto kwa takriban mm² 14 kwa sekunde. Ukiweka elementi za mm 5 usoni na hatua ya sekunde 0.1, utaona sehemu za dramu iliyoanza na nyuzi 300 zikipanda juu ya 300, jambo lisilowezekana pale ambapo kitu kinapozwa tu. Mkazo utakaotoka hapo ni takataka. Tumia elementi za mm 0.5 karibu na uso, au chagua modeli ya AXIS_DIAG au 3D_DIAG, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya tatizo hilihili.

VALE_REF, yaani joto ambalo chuma hakina mkazo, ijaribu kwanza kwa fito iliyobanwa ncha zote mbili. Ukiwa na E (ugumu wa chuma dhidi ya kunyumbuka) ya MPa 110,000 na mtanuko wa 11×10⁻⁶ kwa kila nyuzi, kupandisha nyuzi 100 lazima kulete mgandamizo wa MPa 121. Isipotoka hivyo, usiendelee. Na usikaze matundu yote ya bolti: yanazuia dramu kutanuka na kuzua mkazo wa uongo unaoweza kuzidi ule unaoutafuta. Zuia tu miendo sita ya mwili mzima: kusogea kwa pande tatu na kuzunguka kwa pande tatu.

Kwenye ncha ya ufa, elementi ziwe za daraja la pili, yaani zenye nodi (pointi za hesabu) katikati ya kila ukingo pia, na nodi hizo za kati zisogezwe hadi robo ya ukingo kutoka kwenye ncha kwa MODI_MAILLAGE. Badilisha R_INF na R_SUP, nusu kipenyo cha ndani na cha nje cha eneo linalosomwa kuzunguka ncha, mara tatu; K ikiyumba, wavu haujatosha. Ukifanya kazi kwa milimita, K hutoka kwa MPa√mm: gawanya kwa 31.6 upate MPa√m. Wengi husahau hili, wakadhani dramu imeshavunjika.

Upungufu mkubwa ni huu: joto likiwa kali hadi chuma kikalegea na kubaki na mkazo baada ya kupoa, CALC_G haiaminiki tena.

Umeme ukikatika katikati ya hesabu, data ya kazi hiyo inapotea. Gawa ukuaji wa ufa katika kazi fupifupi, kila moja ifungwe kwa FIN (amri ya kumaliza), na inayofuata ianze kwa POURSUITE (amri ya kuendelea).