Kiboko wa Dunga ndani ya tuktuk: tunaipima GIMP 3.0

Hamjambo watazamaji, wa Kondele, wa Nyalenda, wa Milimani na nyote mnaotufuata kutoka mbali. Leo tunayo GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha iliyotoka Machi 2025, na tumeipa kazi ya kuchekesha: kiboko wa Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, apande tuktuk, kichwa nje, kinywa wazi, kama abiria anayebishania nauli.

Kwanza bei. Ni ya bure kabisa, hakuna malipo ya kila mwezi, wala alama ya kampuni haigongwi juu ya picha yako. Ipakue kutoka gimp.org, si kwingine. Faili lake linapita MB 200, kwa hivyo tafuta Wi-Fi, usichome bando. Laptopu ya RAM GB 4 inaiendesha, ila picha kubwa za simu zitaifanya ijikokote. Zipunguze kwanza zifike upana wa pikseli 2,000 hivi.

Sasa, kabla hujagusa kitu, tazama jua. Hapa ndipo picha nyingi za aina hii huharibikia. Kisumu iko karibu mno na ikweta, kwa hivyo adhuhuri kivuli hujikunja chini ya tuktuk yenyewe, na saa kumi jioni kimeshalala kuelekea mashariki. Kiboko aliyepigwa picha asubuhi na mapema amemulikwa ubavuni. Mtie ndani ya tuktuk ya adhuhuri, na mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Kicheko kimekwisha. Watu hucheka kwa sababu jicho limeamini kwa muda mfupi tu, na kinacholifanya liamini ni mwanga kuliko ufundi wa kukata. Kama kimo cha jua kinalingana ila linatoka upande mwingine, mgeuze kiboko kushoto kwenda kulia kwa Shift+F. Tuktuk usiigeuze, nambari ya usajili itasomeka kinyume. Na jamani, picha ya kiboko ivutwe kwa zumu. Huyo si mnyama wa kusogelewa na boti.

Fungua picha ya tuktuk, kisha mlete kiboko kwa Ctrl+Alt+O. Atakaa kwenye leya yake juu, yaani tabaka lake mwenyewe la picha. Mpunguze kwa Shift+S. Kupunguza hakuna shida, kukuza ndiko kunakoleta ukungu, kwa hivyo chagua picha ambayo kiboko ni mkubwa kuliko unavyomhitaji. Shusha uzito wa leya (Opacity) hadi 50 ili uone tuktuk chini yake unapompanga, halafu urudishe 100.

Kumkata: bonyeza F, umzungushe kwa mkono ukibofya nukta baada ya nukta. Kipo pia kifaa kinachojaribu kutenganisha mnyama na maji chenyewe, lakini kwa kiboko tunakiacha. Ngozi yake na maji ya ziwa vina rangi ya udongo ileile, kifaa kinachanganyikiwa, tena kinachukua muda mrefu. Ukishamzunguka, nenda menyu ya Select, bofya Shrink, weka pikseli 2. Usipofanya hivyo utabaki na uzi mweupe wa maji kuzunguka masikio, na huo ndio unaomwumbua mtu. Halafu lainisha ukingo kwa pikseli 1 au 2, si zaidi. Ukizidisha anakuwa na manyoya.

Usifute kwa raba. Ongeza maski, kifuniko kinachoficha sehemu za picha bila kuzifuta, kwenye leya ya kiboko, uchague itokane na ulichokizungushia, kisha Ctrl+Shift+A kuondoa uteuzi. Kwenye maski, brashi nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha, na herufi X inabadilisha moja kwa nyingine. Ukiona unapaka rangi nyeusi na inaonekana juu ya kiboko mwenyewe, unapaka picha badala ya maski. Bofya kijipicha cha maski hadi kipate mpaka mweupe.

Tazameni hapa kwa karibu. Tuktuk ina nguzo ya chuma pembeni inayoshikilia turubai. Kiboko yuko nyuma ya nguzo hiyo, kwa hivyo tunavuta picha hadi asilimia 300, tunachukua brashi ndogo ngumu, tunapaka nyeusi kando ya chuma, na nguzo inarudi mbele ya shavu lake. Mara moja tu anaonekana ameketi ndani. Ukingo wa maji chini ya kidevu nao tunauficha vivyo hivyo nyuma ya ubavu wa tuktuk. Ndiyo maana kiboko wa majini anafaa: mwili hatuuhitaji.

Kivuli sasa. Chini ya turubai ni giza, nje ni jua, na kiboko yuko pande zote mbili. Fungua leya mpya juu yake, iwe katika hali ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, brashi laini, rangi ya kahawia iliyokolea badala ya nyeusi tupu, uzito 40 hivi. Paka shingo na nyuma ya masikio. Pua iliyotoka nje iache iwake. Pale kidevu kinapogusa chuma, ongeza mstari mwembamba mweusi zaidi. Bila mstari huo anaelea. Kivuli kiwe laini kwa kichujio cha ukungu, na hapa GIMP 3.0 imetufurahisha kweli: kichujio hakijichomi tena ndani ya picha. Unabofya alama ya fx kwenye leya na kurekebisha kiwango hata baadaye. Matoleo ya awali yalikulazimisha kutendua na kuanza upya.

Lawama yetu moja: haipo kwenye simu. Mwenye simu pekee afungue Photopea, kihariri picha cha mtandaoni, kwenye kivinjari, nayo ina leya na maski, ingawa vidole vinasumbua kwenye kazi ya nguzo.

Ukimaliza, Ctrl+S inahifadhi faili la XCF, aina ya GIMP yenyewe, lenye leya zote, na Ctrl+Shift+E inatoa JPEG. Weka ubora 90. Kwenye WhatsApp itume kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ule ukingo wa nguzo uliouhangaikia unavurugika.