Risasi za shaba tupu kwenye bunduki ya .30-06: uzoefu wangu huku Iringa

Msimu huu nimeacha zile risasi za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye kiini cha madini ya risasi, nikahamia shaba tupu za greni 165. Wawindaji wenzangu wa Iringa na Mbeya wananiuliza swali moja tu: zinafika mbali?

Kufika zinafika. Kuua huko mbali ndiyo habari nyingine.

Chini ya mita 250 sina neno. Pofu dume tuliyempata upande wa Pawaga alipigwa begani; kichwa cha risasi kilivunja mfupa, kikapita mapafuni, tukakikuta chini ya ngozi ya ubavu wa pili kimechanua pande nne, uzito wake karibu wote upo. Nyama haikusagika. Mzee wetu wa kufuata nyayo, mtu asiyebabaishwa na vitu vya dukani, aliikata hadi ukingoni mwa tundu akaitia sufuriani. Kwangu hapo ndipo pesa ilipolipa, maana madini ya risasi humeguka chembe zisizoonekana, watu wakazila, na utumbo tunaouacha porini ukaliwa na tumbusi. California, Marekani, wamezipiga marufuku kabisa risasi za madini hayo kwenye uwindaji tangu 1 Julai 2019, na ndege wao waitwao kondo, wala mizoga kama tumbusi, kufa kwa sumu hiyo ni sababu kubwa.

Ukivuka mita 300, tahadhari. Shaba ni ngumu, inahitaji kasi ili ichanuke, na nyingi huanza kugoma kuchanuka kasi ikishuka chini ya mita 600 kwa sekunde hivi. .30-06 hufika hapo kwenye mita 400. Kongoni niliyempiga mbali uwandani alitobolewa tundu kama la msumari, kuingia na kutoka, tukafuata matone ya damu mpaka jua likaegemea ndipo tukampata. Zile za zamani laini zingechanuka hata kwa kasi hiyo.

Usichukue nzito ukidhani itasaidia. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kichwa kinakuwa kirefu, na mtutu wenye mzunguko wa polepole (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi) hukiyumbisha. Wangu, mzunguko mmoja kwa inchi 10, umezipokea vizuri: mita 100, matundu matatu yanafunikwa na sarafu ya mia mbili.

Bei imechangamka, na zangu ilibidi kuagiza Dar. Mtutu nao unataka dawa ya kutoa shaba. Kitambaa kikitoka na bluu, shaba bado imo; endelea kusugua.

Mwenye bunduki ya .300 Win Mag, yenye kasi kuliko yangu, ana nafasi zaidi ya kupiga mbali. Mwenye .308 ya mtutu mfupi asogee karibu. Nyati ni kazi ya bunduki kubwa ya .375, huko sikugusa.