Utepe wa roketi ya mashindano: angalia mkunjo kabla ya rangi

Wasomaji wanaoshindanisha roketi ndogo za mfano, ambapo hushinda inayokaa hewani muda mrefu zaidi, wananiletea lalamiko lile lile: roketi imepaa vizuri, utepe wa kuishusha polepole umefunguka, lakini imetua mapema kuliko za wenzao. Wengi wanalaumu injini. Mimi nauliza kwanza: utepe wako unashika mkunjo?

Utepe hupunguza kasi kwa kupigapiga hewani. Ukiukunja zigizaga na mikunjo ikabaki, hewa hugonga kila kona na utepe hutapatapa. Mikunjo ikilegea, unanyooka na kufuata roketi chini bila kuizuia. Wauzaji hutaja rangi na urefu tu, hili hawaligusi. Kunja kipande, kibane kwa ukucha, kiache usiku kucha, kisha kivute na kukiachia. Kikinyooka na kubaki hivyo, usinunue.

Kwangu ya kwanza ni Mylar, yaani plastiki nyembamba ya poliesta, na sifichi mapenzi yangu. Hushika mkunjo, haichaniki ovyo, na huyeyuka karibu nyuzi 250 za Selsiasi, ingawa bado unahitaji karatasi ya kuikinga na baruti inayofukuza pua ya roketi ili utepe utoke. Chukua ya unene wa mikroni 25 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita): utepe wa sentimita 10 kwa 100 huwa na gramu 3.5 hivi. Ya mikroni 50 ina mkunjo mkakamavu zaidi, ila uzito unakuwa maradufu, na kwa injini ndogo ya daraja A utaulipia kwa kimo.

Ya pili ni karatasi angavu ya kunakilia michoro. Mkunjo wake ni mzuri sana, lakini umande huiharibu, na huchanika pale inapofungwa usipoikaza kwa gundi ya tepe. Nailoni naiweka ya tatu: imara, lakini laini mno kushika mkunjo.

Karatasi ya krepu na plastiki ya mifuko ni za mazoezi.

Kinachonikera ni wauzaji wanaoita kila kitu kinachong'aa Mylar bila kuandika unene wake. Wengine hukata kipande, wakakiita “cha mashindano”, bei ikapanda mara kadhaa. Kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, za daraja la S6 (roketi za utepe) zinataka kipande kimoja cha mstatili, urefu usiopungua mara 10 ya upana. Hilo ni kazi ya rula na wembe. Nunua roli nzima, na muuzaji asiyejua mikroni zake mwachie mali yake.