Olivetti Lettera 32 yangu sasa inaandika kwenye kompyuta: uzoefu wangu Kampala

Kama una taipureta nzima imelala kabatini na kazi yako ni kuandika rasimu ndefu, ipeleke kwa fundi aigeuze kuwa kibodi ya kompyuta. Yangu ni Olivetti Lettera 32 niliyoachiwa na baba mdogo, aina iliyobuniwa na Marcello Nizzoli na kuanza kuuzwa 1963. Naitumia kuandaa mazoezi ya Kiswahili, na kazi hiyo imeniongezeka tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022.

Fundi wa elektroniki hapa mjini alinitoza shilingi 280,000, vifaa vikiwemo. Sharti langu lilikuwa moja tu: asitoboe tundu hata moja. Alilishika. Chini ya mashine amefunga, kwa skrubu zilezile za Olivetti, kipande chembamba chenye ndimi za shaba, kila kitufe na ulimi wake. Ukibonyeza, wenzo wa kitufe hugusa ulimi huo. Kwa kuwa mwili wa mashine ni chuma, mkondo unapita, na bodi ndogo ya Arduino, yaani bodi ya elektroniki inayopangiwa programu, yenye chipu ya ATmega32U4, hutuma herufi kwa waya wa USB. Kompyuta huiona kuwa ni kibodi ya kawaida, haidai programu ya ziada. Shift na ule mkono wa kurudishia roli amevifungia swichi za sumaku. Kengele ikilia, navuta mkono, na skrini inashuka mstari.

Kwa mtu anayeandika Kiswahili, jambo la kuangalia kabla ya yote ni ritifaa, yaani alama ya ('). Kwenye mashine hizi iko juu ya tarakimu 8, lakini Shift na 8 kwenye kompyuta hutoa nyota. Siku ya kujaribu nilipata ng*ombe na ng*ambo ukurasa mzima. Fundi alibadilisha programu ya bodi pale pale, nikiwa nimeketi. Wanaoandika Luganda na kutumia ng' badala ya ŋ watakutana na tatizo hilohilo, basi wasiondoke dukani kabla ya kulijaribu.

Mashine yangu pia haina kitufe cha 1. Zamani tulipiga herufi l, na kwenye karatasi hakuna aliyeona tofauti. Kompyuta inaiona. Ukiandika 1962 kwa l, huo si mwaka tena bali ni neno, na jedwali la alama za wanafunzi halijumlishi. Fundi alikuja na suluhisho ambalo namsifia hadi leo: nikishika kitufe cha kuachia pambizo (kile kinachoruhusu kuandika nje ya pambizo) kisha nikapiga l, karatasi inapata l yake na skrini inapata 1. Kitufe hicho hakisumbui chochote ukiwa katikati ya mstari.

Kasoro zipo. Mwanzoni herufi zilijirudia, "baba" ikawa "bbabba", kwa sababu ulimi wa shaba hurukaruka unapoguswa. Programu ikaongezewa kusubiri milisekunde chache, ikatulia. Vumbi likiingia, kitufe kimoja kimoja huacha kuitika mpaka usafishe ulimi wake kwa spiriti. Vidole navyo lazima vigonge kwa nguvu hasa, kwa hiyo aliyezoea kompyuta mpakato atachoka mapema. Kurudi nyuma hufuta kwenye skrini tu, karatasi inabaki na kosa lake. Kusahihisha na kupanga kurasa nafanyia kwenye kibodi nyingine, wala sioni sababu ya kulazimisha.

Lakini kuandika rasimu! Nakala mbili zinatoka kwa pigo moja. Umeme ukikatika, naunganisha mashine na simu kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea kibodi kwenye simu, na kazi inaendelea. Simu nayo ikizima, karatasi haijali. Watoto wa jirani huniita mwalimu wa kelele, na hilo nalipokea kwa furaha.

Usipige bila karatasi, roli itaumia; weka karatasi mbili pamoja. Na ukienda kuchukua mashine, jaribu kila kitufe, bila Shift na kwa Shift, mbele ya fundi kabla hujalipa salio.