Miezi minane na Pentax K1000 ya mtumba, hapa Lubumbashi

Aliyeniuzia alisema kamera ni nzima, na mimi sikuwa na jicho la kumbishia. Nilitoa dola 55, nikapewa kamera, lenzi yake ya milimita 50 na kamba ya ngozi iliyokauka mpaka inapasuka. Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na ndani yake hakuna kinachojifanya chenyewe. Filamu, ambayo kwetu wazee bado wanaiita pelikule, unaivuta kwa kidole gumba. Kasi ya pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu unachagua wewe, tundu la lenzi, yaani mwanga upite mwingi au kidogo, unachagua wewe, na lenzi unaizungusha kwa mkono mpaka mtu unayempiga aonekane sawasawa. Betri moja ndogo ya saa inaendesha mshale wa kipima mwanga, basi. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga kama kawaida.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kabla ya hii nilikuwa napiga picha kwa simu tu.

Betri ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wa saa, mzee mmoja mwenye meza yake karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Nilimwomba LR44, akauliza ni ya saa ya aina gani, nikatoa kamera kwenye mfuko. Alijifuta mikono kwa kitambaa kwanza, ndipo akaipokea. Watu wengi nikiwapa kamera wanakimbilia kuchungulia. Yeye aliweka kasi kwenye sekunde 1, akavuta, akaisogeza sikioni, akabonyeza. Ndani kulisikika meno madogo yakizunguka, krrr, halafu pazia likafunga. Akarudia, safari hii macho yakiwa kwenye saa yake ya mkononi.

"Mwanangu, sekunde yako iko inachelewa."

"Inachelewa kiasi gani, Papa?"

"Karibu nusu. Mafuta imekauka. Usiifungue. Ukipoteza karesori kamoja utakuja kulia hapa kwangu." Karesori ni springi ndogo.

Nimeisimulia habari hii kwa watu wengi, kwa sababu sikuwahi kufikiria kwamba fundi wa saa angeielewa kamera kuliko mimi mwenye nayo. Kumbe katika kamera hizi za chuma, kasi za chini, kama sekunde 1 au 1/8, zinasimamiwa na magurudumu ya meno yanayofanana na ya saa. Mafuta yakiganda, magurudumu yanajikokota na picha inapata mwanga kupita kiasi. Kasi za juu zina njia nyingine: mapazia mawili ya kitambaa yanafuatana, na upenyo ulio kati yao ndio unaoamua mwanga kiasi gani unaingia. Mzee alinishauri niipige bila filamu kila jioni. Nilifanya hivyo wiki tatu, mara ishirini kila siku, na ile 1/8 ilirudi kuwa na mlio mfupi ulio safi. Sekunde 1 siiamini hadi leo.

Kasoro ya pili haihusu jina la kamera, maana kamera nyingi za umri huo zinayo: sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma na juu ya kioo cha ndani zinaoza na kuwa kama lami. Ukinunua, fungua mlango uzipapase kwa kidole. Kidole kikitoka cheusi, hesabu kazi ya siku nzima. Niliondoa uchafu wote kwa kijiti na pamba yenye alkoholi, nikalaza uzi mweusi wa sufu ndani ya mifereji ya mlango, na fundi wa nguo wa mtaani kwetu akanikatia kipande chembamba cha kitambaa kizito cha kuweka pale kioo kinapogonga. Mwanga hauingii tena.

Filamu ya kwanza ilinipotea yote. Ilikuwa siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Nilipiga kuanzia kanisani mpaka mezani, nikafika 36, mwisho wa filamu, nikavuta tena, ikakubali. Nikafika 38. Hapo tumbo likaanza kunisokota. Nilipozungusha kirungu cha kurudishia filamu hakukuwa na uzito wowote, kilizunguka kwenye utupu. Ncha ya filamu ilikuwa imechomoka tangu mwanzo, na hakuna hata picha moja iliyoingia. Dada alinyamaza, akasema tu kwamba wengine walipiga kwa simu. Kilichoniuma ni bibi yetu, ambaye alikaa kwenye kiti chake akiwa amejinyoosha kabisa, akinisubiri nimalize kulenga. Tangu siku hiyo nikishaweka filamu sifungi mlango mpaka nione meno ya kamera yamekamata matundu ya filamu pande zote mbili, na kila nikivuta naangalia kirungu kile cha kushoto. Kikizunguka, filamu inatembea. Kikisimama, simama na wewe.

Kulenga kulinitesa kidogo tu. Katikati ya dirisha kuna duara lenye chembechembe, na kitu kisichokaa sawa kinametameta humo kama maji yenye jua. Unazungusha polepole mpaka mmeto utulie. Kwa mtu, nalenga jicho. Watoto wa darasa langu walichoka kunisubiri siku za mwanzo, lakini sasa wanajua: mwalimu akiinua kamera, unahesabu mpaka tatu moyoni.

Kazi kubwa ni mwanga. Kipima mwanga hakijui kama kinatazama mtu au ukuta. Kinataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Nilimweka mtoto mbele ya ukuta wa darasa uliopakwa chokaa, mshale ukakaa katikati vizuri kabisa, na picha ikatoka ukuta wa kijivu na mtoto kivuli kitupu. Ule weupe ulikidanganya. Sasa namsogelea mtoto mpaka uso wake ujaze dirisha, napanga kasi na tundu hapo, narudi nyuma, napiga bila kubadilisha kitu hata mshale ukilalamika. Kwa ngozi zetu nyeusi hii ndiyo njia iliyonipa nyuso zenye macho na mashavu. Kinyume chake kilinipata kwenye Terril, ule mlima wa makapi meusi unaosimama karibu na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini: weusi ulikifanya kipima mwanga kidai mwanga mwingi, na mbingu yote ikapotea. Niliporudia nilipima kwenye udongo mwekundu wa ukingo wa barabara, nikabaki na mawingu. Nilipiga kutoka mbali. Karibu na viwanda na vizuizi vya askari acha kamera mfukoni, kwa usalama wako.

Lawama moja ya kweli kwa muundo wake: kipima mwanga hakina swichi. Mwanga ukiingia kwenye lenzi, betri inalika. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi, na mimi nilikwisha kuua betri moja kwa kusahau.

Filamu haziuzwi mtaani kwetu. Naletewa kutoka Johannesburg na mtu anayepita mpakani Kasumbalesa, zaidi Ilford HP5 ya nyeusi na nyeupe, na kila moja inafika ghali. Kuzisafisha nasafisha mwenyewe nyumbani kwa kahawa ya kuyeyuka, vitamini C na soda ya kufulia, njia ambayo, kabla haijaongezwa vitamini C, ilianzia mwaka 1995 katika darasa la Scott Williams kule Rochester, Marekani. Harufu yake si ya kahawa unayoijua, fungua madirisha. Dawa ya kukazia picha bado lazima uagize. Negativu nazipiga kwa simu juu ya skrini nyeupe, nazigeuza kwa programu.

Je, ununue? Kama unataka picha nyingi na za haraka, hapana, simu yako inatosha. Kama unataka kujua kwa nini picha imetoka ilivyotoka, nunua, lakini nenda nayo kwanza kwa fundi wa saa aisikilize kabla hujatoa pesa.

Mzee wangu nilimpiga mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, 1/30 na tundu la 2, lenzi ikiwa wazi kabisa. Kikuza-macho chake kiko jichoni na mkono unaoshika kibano uko wazi mpaka kwenye kucha. Nilimpelekea picha iliyochapishwa. Aliitazama muda mrefu, akauliza nimetumia kasi gani, nikamwambia.

"Hiyo iko sawa," akasema, akaiingiza chini ya kioo cha meza, kati ya saa mbili zisizo na mikanda.