Kupakia mchoro wenye hakimiliki Wikipedia ya Kiingereza: fomu inachosha ila naipa nyota 4

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Huduma ya kupakia picha za kazi za sanaa zenye hakimiliki kwenye Wikipedia ya Kiingereza naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibana nitaeleza imekwama wapi. Naitumia kwa makala za wachoraji na wachongaji, na naandika hapa kwa sababu wengi wanaikimbia wakidhani ni urasimu mtupu, wengine wanaivamia bila kusoma halafu picha ikifutwa wanabaki kulalamika.

Kwanza tuwekane sawa, milango iko miwili na watu wanaichanganya kila siku. Kuna Commons, lile ghala la picha la Wikimedia, hapo hakuna mjadala, picha lazima iwe huru kabisa, mtu yeyote aweze kuitumia hata kwa biashara, na hoja ya matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu kidogo bila ruhusa kwa sababu sheria inakubali, haipokelewi hata uandike insha. Halafu kuna kupakia moja kwa moja kwenye Wikipedia ya Kiingereza yenyewe, na huko ndo picha isiyo huru inaingia kwa masharti. Mpango huu ulitoka kwa bodi ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, mwaka 2007, wakasema Wikipedia ya lugha yoyote ikitaka kupokea picha za namna hii iandike sera yake yenye mipaka, ndo maana ya Kijerumani haipokei kabisa, ya Kihispania nayo hivyohivyo, ya Kiingereza inapokea. Kwa hiyo ukiikuta Guernica ya Picasso kwenye makala ya Kiingereza usiibebe ukaipeleka Commons, mchoro ni wa 1937 lakini Picasso kafariki 1973, bado una wenyewe.

Sasa fomu. Akaunti yako iwe na umri wa siku 4 na uwe umeshahariri mara 10, chini ya hapo haikufungukii. Ukiingia inakuuliza kama kazi ni huru, au ina hakimiliki lakini unaamini ni matumizi ya haki, au hujui. Ukichagua ya katikati inakuuliza tena ni picha ya aina gani, na hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu kwa kazi ya sanaa chaguo sahihi ni lile linalosema picha yenyewe ndo inayojadiliwa kwenye makala. Yenyewe, sio mtu au kitu kinachoonekana ndani yake. Yaani kama makala inahusu vita fulani na wewe unataka mchoro wa msanii wa juzi ili ukurasa upendeze, umeshakwama, lakini kama makala inauchambua mchoro huo, nani kauchora, kwa mbinu gani, ulipokelewaje, basi unayo njia.

Halafu linakuja sanduku ambalo ndo moyo wa kila kitu, unatakiwa uandike picha inafanya kazi gani kwenye makala na kwa nini maneno peke yake au picha huru haitoshi. Wengi wanaandika "kuonyesha mchoro" wanabofya wanaondoka, na hiyo haimwambii mtu chochote. Andika kitu kama hiki: sehemu ya pili ya makala inajadili jinsi msanii alivyoacha rangi zote akabaki na nyeusi, nyeupe na kijivu, na namna farasi na ng'ombe dume walivyopangwa, msomaji hawezi kuufuata uchambuzi huo bila kuuona mpangilio, na hakuna picha huru ya kazi hii kwa kuwa yoyote itakayopigwa itabeba hakimiliki ileile. Mhariri akisoma hivyo anajua umefikiria. Na utagundua kwamba huwezi kuyaandika maneno hayo kama makala yenyewe haina huo uchambuzi, ndo sababu naipenda hii fomu, inakurudisha ukaandike kwanza. Maandishi yatangulie, picha ifuate.

Masharti yenyewe ni 10 na kwa makusudi yamebana kuliko sheria ya Marekani. Sheria, kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976, inaangalia mambo manne: unaitumia kwa lengo gani, kazi ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na je unamharibia soko mwenye nayo. Wikipedia imeongeza yake juu ya hapo kwa sababu maandishi yake yananakiliwa na kila mtu wakiwemo wafanyabiashara, kwa hiyo kila picha isiyo huru ni mzigo kwa anayekuja kunakili baadaye. Mimi naona ni sawa kabisa, msanii anakula kwa kazi yake na sisi tunaoandika bure hatuna ruhusa ya kuigawa bure kazi ya mwingine.

Nyota niliyoibana iko kwenye ukubwa. Mwongozo unasema picha isizidi pikseli 100,000 hivi kwa jumla, yaani upana mara urefu, ukipakia kubwa boti, programu inayojiendesha yenyewe, inaipunguza na ile kubwa inafutwa baada ya siku 7. Kwa jalada la albamu haina shida. Lakini chukua hiyohiyo Guernica, ina upana wa karibu mita 7.8, ukiishusha mpaka kipimo hicho unabaki na pikseli kama 470 kwa 210, na yale mambo madogomadogo uliyoyachambua kwenye makala hayaonekani tena. Nguvu ya hoja naielewa, picha ndogo haiwezi kuchapwa bango ikamlia msanii soko, ila kwa kazi pana namna hiyo mwongozo unaumiza. Ni mwongozo lakini, sio ukuta, ukiwa na sababu nzito ya kuweka kubwa kidogo iandike palepale kwenye ukurasa wa faili na ujiandae kuitetea.

Kingine kinachowang'ata wageni ni rasimu. Picha isiyo huru inakaa kwenye makala iliyochapishwa tu, sio ukurasa wako wa mtumiaji wala rasimu, na faili ikikaa bila makala yoyote inayoitumia inafutwa baada ya siku 7. Kwa hiyo maliza makala, ichapishe, ndo upakie. Na kila makala inayoitumia picha inahitaji maelezo yake ya peke yake, huwezi kuandika mara moja ukaisambaza kwenye makala tano, na ile tabia ya kupanga michoro kumi ya msanii mmoja kama maonyesho, sahau.

Kabla ya yote hayo angalia kama unaihitaji fomu kweli. Mchoraji Klimt wa Austria kafariki 1918, michoro yake ni huru, na mahakama ya Marekani ilishasema mwaka 1999 kwenye kesi ya Bridgeman na Corel kwamba kupiga picha ya mchoro bapa kwa kuunakili tu hakuzalishi hakimiliki mpya, kwa hiyo hiyo inaenda Commons bila wasiwasi. Sanamu ni habari nyingine, mpiga picha kachagua pembe na mwanga, ana haki yake hata kama mchongaji kafa miaka 300 iliyopita. Na kama sanamu nayo ina hakimiliki basi haki ni mbili, ndo maana ni bora upige picha mwenyewe, uiachie picha yako leseni huru, halafu hoja ya matumizi ya haki uitumie kuitetea sanamu peke yake.

Msanii akiwa hai muulize, wengine wanakubali. Ila asikupe ruhusa ya "Wikipedia tu", hiyo inahesabiwa sawa na kutokuwa na ruhusa, anatakiwa aachie leseni inayoruhusu yeyote kuitumia hata kibiashara, na athibitishe kwa imeili yeye mwenyewe kwa timu ya kujitolea inayopokea ruhusa. Mweleze hilo wazi kabla hajakubali, asije akashtuka kuikuta kazi yake kwenye fulana ya mtu.