Hurricane ya Plastiki Kwenye Meza ya Vijahazi: Uzoefu Wangu

Kazi yangu hapa Lamu ni kuchonga vijahazi vya mti, vile vidogo vinavyonunuliwa na wageni wanaporejea kwao, na kwa sababu hiyo nilipoagiza ndege ya plastiki ya kuunganisha nilidhani hakuna kitakachonishinda. Upande wa kuunganisha dhana yangu haikuwa mbali na ukweli, kwani ndege ilisimama kwa miguu yake baada ya jioni nne tu. Rangi ndiyo iliyoniweka mezani kwa wiki tano, na sehemu kubwa ya maelezo haya itahusu rangi, kwa kuwa karatasi iliyokuja na kisanduku haikusema lolote la maana kuihusu. Jina la kampuni iliyotengeneza kisanduku nimeliacha makusudi, kwa sababu nina malalamiko kadhaa na sikusudii kugombana na mtu.

Ndege niliyoichagua ni Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza iliyochorwa na Sydney Camm na kuruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935. Watu wengi huikimbilia Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza ya zama hizo, kwa sababu ya umbo lake, lakini Hurricane ina mambo mawili yaliyonivuta. La kwanza ni kwamba ilipita huku kwetu: mwaka 1940, vita vilipopamba moto baina ya Waingereza na Waitalia waliokuwa Somalia na Uhabeshi, marubani wa Afrika Kusini walizirusha Hurricane kutoka Kenya. La pili ni namna ilivyoundwa. Nusu ya nyuma ya kiwiliwili chake haikuwa ya bati, bali ilikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma, juu yake zikapangwa mbavu na fito za mbao, kisha ikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Fundi yeyote wa vyombo akiitazama picha ya Hurricane iliyovuliwa kitambaa atatafuta mkuku kwanza, maana mataruma yote anayaona.

Kisanduku kilinigharimu shilingi 2,600 pamoja na usafirishaji, bila rangi wala gundi. Kilitoka Nairobi kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, na kwa kuwa muuzaji alikifunga kwa gazeti peke yake pembe moja ilifika imelowa. Vipande vya plastiki havikuathirika, lakini karatasi ya stika ilipata doa la maji pembeni, na stika mbili ndogo zikawa zimejinasua kabla sijaanza kazi. Anayeagiza kitu kama hiki kuja visiwani na amwambie muuzaji waziwazi kwamba mzigo utapanda boti, tena atake ufungwe kwenye mfuko wa nailoni.

Kipimo chake ni 1/72, ambacho kwa mtu aliyezoea futi na inchi ni rahisi kukikumbuka: inchi moja ya mfano ni futi sita za ndege yenyewe. Mtu mrefu wa futi sita anakuwa na kimo cha inchi moja. Hurricane halisi ilikuwa na mabawa ya mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, na mfano wangu una karibu sentimita 17, yaani haufiki hata shibiri ya mkono wangu. Sisi katika vijahazi hatufuati kipimo cha namna hii. Tunapima kwa jicho, na mlingoti ukizidi kidogo hakuna atakayelalamika. Hapa nililazimika kujifunza nidhamu nyingine, kwamba kosa dogo la mkono ni kosa kubwa la ndege. Mfereji wa nusu milimita juu ya bawa ungekuwa na upana wa sentimita 3.6 kwenye ndege halisi, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza kuhusu kazi ya kiwanda, kwani mistari ya kuonyesha maungio ya mabati kwenye mabawa imechimbwa kama mitaro ya maji ya mvua. Sehemu ya kitambaa huku nyuma, kinyume chake, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, mbavu zikionekana kwa mbali chini ya ngozi bila kutuna.

Vipande huja vikining'inia kwenye fremu zao kwa vikonyo, mfano wa maembe mtini, na kosa la mwanzo la kila mtu ni kuving'oa kwa mkono. Mimi nilivikata kwa kikatio cha kucha, nikiacha kikonyo kirefu kidogo, kisha nikakiparua kwa wembe na kumalizia kwa msasa. Vile vidogo kabisa, kama mabomba ya moshi na fimbo ya rubani, huruka kutoka kwenye kibano bila kuaga. Nilipoteza gurudumu la mkiani ndani ya mkeka kwa siku mbili nzima, na tangu hapo natandika shuka nyeupe sakafuni kabla ya kukaa.

Gundi ya kazi hii haifanani na gundi ya mbao hata kidogo. Haishiki kwa kukauka juu ya kitu, bali huyeyusha plastiki ya pande zote mbili zikaungana na kuwa kitu kimoja, ndiyo maana tone moja lililopotea linaacha alama ya kudumu. Niliipaka kwa brashi nyembamba kwenye mstari wa maungio huku vipande vimeshikana tayari, ikajipenyeza yenyewe ndani. Bawa moja lilikuja limepinda kidogo. Nilizamisha sehemu hiyo katika maji moto, ambayo hayajafikia kuchemka, nikalinyoosha kwa vidole na kulitia katika maji baridi, nalo likatulia.

Mahali bawa linapokutana na kiwiliwili pana mwanya ambao ukucha unaingia. Hili nililipokea kwa furaha isiyo na sababu, kwani kuziba nyufa ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Jahazi hutiwa kalafati ya pamba baina ya mbao, na ndege hii nikaitia puti, nikaiacha usiku kucha, nikaisugua kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1000. Vidole vinaona kuliko macho katika kazi hiyo: nikipitisha kidole huku nimefumba macho nilijua palipobaki mgongo.

Sasa rangi. Karatasi ya maelezo hutaja rangi kwa namba za kampuni moja tu, bila kusema jina la rangi wala kuonyesha sampuli, jambo linalomwacha mnunuzi wa Lamu bila msaada wowote, kwa kuwa namba hizo hakuna duka la huku linalozijua. Ilinibidi nitafute mwenyewe kwamba Hurricane za 1940 zilipakwa juu kahawia ya udongo na kijani kilichoiva, kwa mabaka makubwa, na kwamba tangu katikati ya mwaka huo chini zilipakwa rangi iliyopauka baina ya kijani na samawati, inayofanana na ganda la yai la bata. Nilipata chupa tatu za akriliki, yaani rangi ya maji, na kopo moja dogo la enameli, yaani rangi ya mafuta, na rangi ya tumboni nikaichanganya mwenyewe kwa enameli nyeupe, tone la samawati na tone la manjano.

Nilianza na tumbo, kwa kuwa rangi nyepesi hutangulia nzito. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua za masika zikinyesha na kusi ikivuma, na enameli ambayo kopo lake liliahidi kukauka kwa saa sita ilikuwa bado inanata siku ya tatu. Katika siku hizo paka wa jirani alipita mezani, na unywele wake mmoja umo mpaka leo chini ya bawa la kushoto. Nimeuacha, maana kuutoa kungeharibu zaidi. Baadaye nilitafuta kijisanduku cha mbao chenye kifuniko, nikawa nafunika ndege kila nikimaliza mkono mmoja wa rangi, na vumbi na paka vikakoma kunisumbua.

Akriliki ilinipa tabu ya upande wa pili. Nilipaka mchana karibu na dirisha ili nione vizuri, na upepo ukawa unaikausha kwenye brashi kabla haijatandazika, hivyo bawa la kulia likajaa michirizi iliyofanana na shamba lililolimwa kwa jembe. Niliifuta yote kwa pamba yenye spiriti nikaanza upya. Mara ya pili nilipaka baada ya sala ya isha, madirisha yamefungwa, chini ya taa ya mezani, na rangi nimeipunguza kwa maji mpaka ikawa kama maziwa. Mkono wa kwanza ulionekana kama aibu tupu, plastiki ikichungulia kila mahali, lakini wa tatu ulifunika sawasawa na mistari ya kiwanda ikabaki wazi. Kwa mtu anayepaka jahazi halisi, ambako rangi nene ndiyo heshima ya mwenye chombo, kuuzuia mkono usizidishe ni jambo gumu kuliko kuchonga.

Hapo pia naonya kuhusu tina. Tina ya rangi za magari inayouzwa madukani huila plastiki hii. Niliijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu kilichotupwa, ikakilainisha kikawa kama ubani uliotafunwa, nami nikashukuru kwamba sikuigusisha kwenye bawa. Enameli niliipunguza kwa tapentaini bila madhara.

Stika hulowekwa majini kidogo, kisha husukumwa taratibu kutoka kwenye karatasi yake hadi mahali pake. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake na stika ikaonekana kuwa na kioo kando, kwa hiyo nilitangulia kupaka vanishi ya kung'aa. Zile mviringo za buluu na nyekundu za juu ya mabawa zilikataa kuingia katika ile mitaro niliyoilalamikia, mpaka nilipozilainisha kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji. Kioo cha rubani nilikibandika kwa gundi nyeupe ya karatasi, kwani mvuke wa gundi ya plastiki hukitia ukungu.

Msiba uliobaki ulikuwa wa vanishi ya mwisho, ile ya kuondoa mng'ao. Niliipuliza kutoka kwenye kopo alasiri moja mvua ikiwa inakaribia, na ndani ya dakika chache ndege nzima ikawa na utando mweupe kama chumvi iliyokaukia ngalawani. Kisa chake ni kwamba dawa iliyomo hupoza uso wa rangi inaporuka hewani, na hewa iliyojaa maji kama yetu huacha unyevu wake ndani ya utando kabla haujakauka. Nilingoja siku kumi hadi lilipotoka jua la siku mbili mfululizo, nikapuliza mkono mwembamba wa vanishi hiyohiyo saa sita mchana, na weupe ukayeyuka karibu wote. Umebaki kidogo chini ya mkia.

Kwa shilingi 2,600 nakiona kisanduku hiki kimenilipa, ingawa gharama halisi ilifika zaidi ya 5,000 baada ya rangi, gundi na vanishi, na muuzaji angepaswa kulisema hilo mapema. Mtoto wa miaka kumi ataweza kuiunganisha akisaidiwa katika sehemu ndogo. Rangi namshauri mzazi aifanye naye. Mtoto wa ndugu yangu aliitazama ilipokamilika akauliza, "Ami, na pangaboi mbona haizunguki?" Nilikuwa nimeigandisha kwa tone moja la gundi lililozidi jioni ile ya pili. Nimekwisha kuagiza kisanduku kingine, Catalina, ndege ile inayotua majini, na nimemwambia muuzaji asikitume kabla ya kaskazi kuanza.